Tone la Bibi Ukutani

Leza ilikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu mwalimu wetu akisimulia habari hii huanza na "vifaa vya shule," na shule yetu haina vifaa. Ina ubao, ina madirisha yasiyo na mbao, na ina mbuzi wa jirani anayehudhuria kuliko baadhi yetu. Leza niliinunua Kismayo, kijitochi kinachotoa uzi mmoja wa mwanga wa kijani, na muda wote huo niliitumia kwa kazi iliyotengenezewa, yaani kuwahangaisha paka. Kisha siku moja nikaweka nukta ya kijani kwenye kisogo cha mwalimu alipokuwa akiandika ubaoni. Darasa likakaa kimya. Kosa letu lilikuwa hapo. Darasa letu likikaa kimya, mwalimu hujua kuna mchu yuko hatarini.

Yeye husema "mtu." Sisi watu wa kisiwa cha Koyama twasema "mchu," na yeye pia ni wa Koyama, ila wazazi wake walikimbia vita kabla hajazaliwa. Alikulia kambini Kenya, akasomea Mombasa, akarudi na Kiswahili safi kama kanzu ya Idi, unaogopa hata kukikalia karibu. Wazee humwita "macallin," yaani mwalimu kwa Kisomali, na wanampenda. Hawamwelewi sana lakini wanampenda.

Hakunichapa. Aliichukua leza, akaitazama, akaiwasha kuelekea ukutani, akaizima, akaendelea na somo akiwa na uso wa mtu aliyekumbuka kitu. Kesho yake akaja na hadithi.

"Zamani Uingereza," alisema, "enzi za yule malkia wao aliyekaa kitini miaka na miaka, watu walikuwa wanaalikana jioni. Wanavaa vizuri. Kuna muziki, kuna chai, kuna vitamutamu. Na mezani kuna hadubini, kuna mashine za kutoa cheche, kuna waya wa kupeleka sauti chumba cha pili. Wataalamu wenye ndevu wanasimama kando ya meza zao, na mgeni yeyote anaruhusiwa kugusa na kuuliza."

"Na bi harusi?" nikauliza.

"Hakuna bi harusi."

"Sasa watu wamevaa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya sayansi."

Darasa zima likamwonea huruma.

Akaendelea hivyo hivyo. Akasema walikuwa wakishikana mikono duara zima, mashine ikazungushwa, umeme ukapita kutoka kwa bwana hadi kwa bibi hadi kwa askofu, wote wakaruka pamoja na wote wakacheka. Hapo tukaanza kusogea mbele. Kisha akasema la tone. Walikuwa na taa kali, wakachukua tone moja la maji ya mto wanaokunywa, wakalipitishia mwanga, na ukutani wakatokea wadudu wakubwa kama mbuzi, wanapigana, wanakulana, akina mama wanajifunika nyuso kwa vipepeo vyao vya mkononi. Halafu wakatoka, wakaenda kunywa chai ya maji yale yale.

"Mwalimu," nikasema, "na sisi tuna ukuta."

"Na sisi tuna leza," akasema.

"Yangu."

"Ya shule."

Ndivyo ilivyoanza. Akatuambia tutafanya jioni yetu, baina ya Magharibi na Isha, kijiji kizima kitaalikwa, na mimi, kwa kuwa mikono yangu haitulii, nitakuwa mtaalamu wa tone. Sikuwa na ndevu lakini nilikuwa na matumaini.

Sasa niseme habari ya maji, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini jioni ya watu kutazama wadudu ilinikosesha hamu ya kula.

Bibi yangu, mama yake baba, ana jabia, lile birika kubwa la kukingia maji ya mvua, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe tangu zamani za wakwe zake. Maji ya maulidi hutoka kwenye jabia lake. Chai, sharubati, maji ya kunawa, ya wageni wa visiwa vya jirani, Kudhaa na Chovai, yote. Na pilau la maulidi hupikwa na dada yake marehemu babu yangu. Yeye naye ni bibi yangu, lakini nikiwaita wote wawili bibi hapa tutapotea, kwa hiyo nitamwita Wifi, kama anavyoitwa na Bibi, ijapokuwa Bibi hulitamka neno hilo kama anatema mwiba wa samaki.

Maji ya mmoja, sufuria la mwingine. Miaka yote walikwenda hivyo. Mpaka maulidi yaliyopita, asubuhi yake, wageni wa Kudhaa walipoamka wakaanza kukimbilia vichakani. Si wote, lakini waliokimbia walikimbia kwa bidii. Na tumbo la kuendesha likitokea karamuni, lazima apatikane mwenyewe. Ama maji, ama pilau. Watu wakasema maji tunayanywa kila siku na hatujafa, basi ni pilau, ni samli ya Wifi imechacha. Wifi akaapa samli ni mpya. Nani amsikilize? Maulidi ya safari hii yalipokaribia, wakaanza kunong'ona kwamba sufuria apewe mwanamke mwingine, mwenye nguvu zaidi. "Mwenye nguvu zaidi" ni adabu tu. Walimaanisha asiyeua wageni.

Kwa hiyo Wifi aliposikia kuna maji yatawekwa ukutani, alikuja kwetu kabla ya alasiri, buibui halijafungwa vizuri.

"Wifi," alimwambia Bibi, "nasikia mjukuu wetu atayaonyesha maji."

"Ataonyesha ya bahari. Hayo ni mengi."

"Aonyeshe na yako."

Bibi alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua uso. "Yangu yana samaki."

Hilo si tusi, ni sifa. Huku kwetu mwenye jabia hutia humo visamaki vidogo vile vinavyokula viluwiluwi vya mbu, na Bibi huvitunza vyake kuliko anavyotutunza sisi. "Samaki wangu ni wanono," akaendelea. "Maji ya kumnonesha samaki yatamdhuru mchu?"

"Basi usiogope."

"Nani kaogopa?"

"Mimi nitaleta maji ya kisima changu. Yakionekana safi kuliko yako, maulidi haya yanywewe yangu, na midomo ya watu iondoke kwenye sufuria langu. Yakionekana machafu, sufuria nalitoa mwenyewe, wala msinifukuze."

Bibi akaweka ungo chini. Wakatazamana. Mimi nilikuwa katikati nikigeuza shingo huku na huku kama mwamuzi wa mpira wa wavu.

"Mume wangu," Bibi akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, na amenioa bila mahari, "umesikia?"

"Nimesikia, mke wangu."

"Chota ya jabia. Chota juu juu na chota chini. Asije akasema tumechagua."

Nikachota. Siku ile ile mwalimu na mimi tukajifungia stoo ya shule, tukaziba dirisha kwa mkeka, tukafanya jaribio. Jambo lenyewe ni rahisi hata mbuzi wetu angeliweza. Unachukua bomba la sindano, jipya, bila sindano. Unavuta maji. Unalifunga lielekee chini, unalisukuma mpaka tone linaning'inia mdomoni halianguki. Unaipiga leza katikati ya tone. Tone linakuwa kioo cha kukuza, na kilichomo ndani kinatokea ukutani.

Kilichomo ndani ya tone la Bibi kilikuwa soko la Kismayo siku ya Alhamisi. Kulikuwa na vya mviringo vinavyozunguka kama vimepoteza ndala. Kulikuwa na virefu vinavyojipinda. Kulikuwa na kimoja chenye pembe mbili na mkia, kikikatiza ukutani kwa kurukaruka, kikubwa kama mkono wangu.

"Subhanallah," mwalimu akanong'ona. "Angalia! Ana miguu!"

"Mwalimu, haya tuyaache. Tutumie ya ndoo ya shule."

"Kwa nini? Hawa ndio ninaowataka!"

"Ndiyo maana tuyaache."

Nikamweleza habari ya sufuria na ya Wifi. Akavua miwani, akaifuta. Akasema sayansi haina bibi. Nikamwambia hiyo ndiyo kasoro yake.

Nilikwenda nyumbani na mpango. Nikamkuta Bibi anawalisha samaki wake makombo ya mkate wa mofa, nikakaa karibu, nikaanza kwa mbali. "Mke wangu, kama tungeyachuja yale maji kidogo. Kwa kitambaa tu. Halafu tukayachemsha kidogo."

"Kwani ukutani wanayanywa?"

"Hapana, wanayatazama."

"Basi ya nini kuyapika?" Akanitazama, na Bibi akikutazama hivyo unakumbuka madhambi ya watu wengine pia. "Umeshayaona, eh?"

Nikawatupia samaki kombo moja.

"Usiniambie. Nitaona na wenzangu. Mungu simdanganyi, na wifi yangu simdanganyi. Huyo wa pili ni mgumu zaidi."

Basi.

Siku yenyewe ilifika. Mwalimu alikuwa ametangaza watu waje na mavazi rasmi, kama wale wa malkia. Hilo halikuhitaji kurudiwa. Wanaume walikuja na kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinakata, vizibao, kofia za kazi ya mkono. Wanawake walikuja na dhahabu, hina mpaka viwiko, na mwenye mtoto mchanga alimtia wanja mtoto. Mwalimu mwenyewe alivaa koti zito la Mombasa, kwa kuwa wenye ndevu walivaa makoti, na kabla hata ya mgeni wa tatu alikuwa analowa kama samaki aliyevuliwa. Ukuta wa ndani tulikuwa tumeupaka chokaa mara mbili. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, na katikati meza tatu. Kulikuwa na kahawa chungu, halua, na kaimati, na mbuzi alifukuzwa na akarudi.

Tatizo la kwanza lilikuwa udi. Huwezi kuwaambia wanawake wa Koyama kuna shughuli, watu wamevaa, halafu wasifukize. Walikuja na vyetezo vyao. Moshi ukajaa mpaka mwalimu akaanza kukohoa.

"Jamani, akina mama, tafadhalini, mwanga hautapita!"

"Mwalimu," akajibu mmoja, "tukae kwenye shughuli tukinuka samaki?"

Meza ya kwanza ilikuwa ya umeme. Hatukuwa na mashine ya kuzungusha, lakini nilikuwa nimeng'oa kile kitu kinacholia "ta!" ndani ya kiberiti cha gesi, na kila kijana anajua kinavyouma. Wanaume wakashikana mikono duara. Nikabonyeza. Wa mwanzo na wa mwisho waliruka kweli. Wa katikati walipiga kelele zaidi, ingawa siamini kama kuna kitu kiliwafikia. Wanawake wakadai duara lao, na dada yangu akaenda kuwabonyezea, na huko kukawa na vicheko ambavyo imamu, aliyekuwa amekuja kutazama kwa dakika moja tu, alijifanya hakuvisikia, akakaa.

Meza ya pili ilikuwa simu ya makopo. Makopo mawili ya maziwa ya unga, na mshipi wa kuvulia umekazwa kutoka upande wa wanaume hadi wa wanawake. Mzee mmoja akalishika kopo, akapaza sauti mpaka kuta zikajibu: "Mama watotooo! Kuku umewafungiaaa?"

Upande wa pili mkewe akaweka kopo sikioni, akafikiri, akajibu kwa utulivu: "Hata bila ya uzi nimekusikia. Na watu wa Kudhaa wamekusikia."

Kisha taa zikazimwa, na ikawa zamu yangu.

Wifi alikuwa ameketi mstari wa mbele, chupa yake mapajani kama mtoto. Bibi alikuwa mkabala naye. Hakukuwa na mtu asiyejua kwa nini. Mwalimu alianza kueleza mambo ya mwanga kupinda, na mtu nyuma akasema, "Macallin, tuonyeshe maji tujue nani alituharisha." Kwa hiyo hotuba ikafa hapo.

Tukaanza na ya Wifi. Nilipofungua chupa nikasikia harufu ninayoijua, harufu ya shati la shule siku ya Jumamosi. Alikuwa ameyachemsha, ndiyo, nilikuja kuambiwa ameyachemsha mara tatu, na baada ya hapo, kwa kuwa Wifi ni mtu asiyeacha kitu nusu, akatia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nikavuta, nikaning'iniza tone, nikawasha.

Watu wote wakasema "Aaa!" Lakini si kwa sababu ya tone. Moshi wa udi ulikuwa umejaa hewani, na mwanga wa leza, ambao siku zote huuoni mpaka ugonge kitu, ulisimama wazi kutoka mkononi mwangu hadi kwenye bomba, na kutoka kwenye bomba ukafunguka kama pazia la kijani mpaka ukutani. Wale mabwana wa malkia, na taa zao zote, sidhani kama walikuwa na udi. Mwalimu alitazama pazia lile, akatazama vyetezo, akavuta moshi ule puani kama mtu aliyeshindwa kwa raha.

Ukutani palikuwa na duara kubwa la kijani. Lina michirizi kidogo. Ndani yake hakuna kitu.

"Hakuna kitu!" Wifi akasimama. "Mumeona? Hakuna hata kimoja!" Na akajipigia kigelegele mwenyewe, kirefu, hakuna aliyempokea, kikarudi kikakaa.

Maana watu walikuwa wanatazama ule utupu, na hawakuupenda.

Mjomba wangu mmoja ni mzamia kamba. Hawa kamba wakubwa wa miambani, huwazamia na huwaweka hai ndani ya tundu majini mpaka mnunuzi aje kutoka Kismayo. Akajikohoza.

"Hebu. Hakuna kitu kabisa?"

"Kabisa," nikasema.

"Hata kidogo kidogo?"

"Hata."

"Basi mimi nina swali. Kamba wangu nikiwaweka penye maji mazuri, wanaishi. Nikiwaweka penye maji mabaya, asubuhi wote wamekufa. Maji ambayo hata mdudu asiyeonekana kwa macho ameshindwa kuishi humo, mchu mzima ataishije?"

Kila mtu akaanza kusema kwa pamoja.

"Ni kweli!"

"Maji yamekufa hayo!"

"Hata yananuka, nusa wewe!"

"Wifi, umetia nini humo?"

"Dawa," Wifi akasema, na hapo ndipo alipojimaliza.

Mwalimu alikuwa akipunga mikono. "Hapana, jamani, sikilizeni, ni kinyume! Maji yasiyo na wadudu ndiyo salama!" Lakini mtu aliyelowa jasho ndani ya koti, gizani, na mwanga wa kijani usoni, hana namna ya kuaminika. Mjomba akamwambia kwa upole, "Macallin, wewe umesoma vitabu na sisi twakuheshimu, lakini kamba hawajui kusoma, na ndio wanaokufa."

"Weka ya Bibi!" wakaanza vijana. "Weka ya Bibi!"

Nikaweka.

Soko likafunguka. Watoto wakapiga mayowe. Vya mviringo, virefu, vinavyojipinda, vyote vikapita juu ya chokaa yetu kama siku ya Idi. Na yule mwenye pembe na mkia, ambaye nilikuwa nimeomba kwa siri asije, akaja. Akasimama katikati ya duara, akatikisa pembe.

"Kamba!" mtoto mmoja akapiga kelele.

"Wallahi ni kamba!"

"Bibi ana kamba kwenye jabia!"

Mjomba akasogea ukutani, akamtazama kama anayepima biashara, akageuka kwa watu. "Maji hai," akasema. Na kesi ikaishia hapo. Vigelegele safari hii vilipokewa. Mwanamke mmoja wa kamati ya maulidi akasema kwa sauti kwamba basi, maji hayana neno, yamethibitika, kwa hiyo waliougua mwaka jana walidhuriwa na pilau. Akamgeukia Wifi, akamwambia, "Shangazi, ulisema mwenyewe," kwa ile sauti tamu ya mtu anayekunyang'anya kitu.

Wifi alikuwa anaifunga chupa yake, na kifuniko kilikuwa hakishiki. Mimi sipendi kuandika mambo ya huzuni, nayaachia wengine, lakini nitasema tu kwamba kifuniko kile kilikuwa hakishiki.

Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameshinda kila kitu. Maji yake yamepewa heshima hata na kamba. Alistahili kucheka. Badala yake alikuwa amesimama, amekwenda mpaka ukutani, ndani ya mwanga, wadudu wanapita juu ya buibui lake na juu ya uso wake. Yule mwenye pembe alimpita shavuni.

"Mwalimu," akasema, na watu wakatulia, "huyu yuko hai?"

"Yuko hai, Bibi."

"Na anakaa ndani ya maji yangu."

"Huyo mwenyewe hana madhara makubwa. Lakini penye hao wakubwa huwa pana na wengine wadogo zaidi, hata leza haiwaonyeshi. Hao ndio wanaoendesha matumbo." Mwalimu akasita. "Ukichemsha, wanakufa."

"Nasi mumetuzoesha kuyanywa hivyo hivyo," akasema Bibi, ingawa aliyetuzoesha ni yeye. Akageuka kutukabili. "Jamani. Mumenipa ushindi, na mimi nawashukuru. Nyote mumesema pilau. Haya. Wifi yangu namjua, na samli yake naijua. Mkono wake ni mzito wa chumvi, ulimi wake ni mrefu, na harusini kwangu alivaa nguo nzuri kuliko mimi makusudi."

"Sikuvaa makusudi," Wifi akasema.

"Makusudi. Lakini mimi samli yake sijaiona ikitembea. Huyu nimemwona akitembea." Akamgonga mdudu kwa kidole ukutani. "Ana miguu. Kama kuna kitu kiliingia tumboni mwa watu wa Kudhaa kikaanza kukimbia, mimi nadhani ni chenye miguu."

Imamu ndiye aliyeanza, akafunika mdomo kwa kanzu, na baada yake jengo zima.

Mjomba akajaribu, "Lakini kamba..."

"Kamba wako hawanywi chai," Bibi akamwambia. "Kaa."

Akakaa.

Wifi alikuwa bado ameshika chupa. "Mwaka mzima," akasema polepole, "naitwa muuaji, leo ndiyo unasema?"

"Leo ndiyo nimewaona."

"Na ungeniamini bila kuwaona?"

Bibi akafikiri kwa haki kabisa. "La."

"Mimi pia nisingekuamini," Wifi akasema.

"Basi sikiliza. Maji ni yangu, jabia silifungi, wakwe zangu watanitokea ndotoni. Lakini hayaendi kwa mchu mpaka yapite motoni kwako. Wewe ndiye unayejua kuua, umeua hata visivyokuwamo. Na hiyo dawa ya nguo usitie."

"Nitie kidogo tu."

"Usitie."

Mwalimu alisogea mbele, uso unang'aa, tayari kutuambia kwa ufupi tumejifunza nini jioni ile. Adhana ya Isha ikaanza. Akabaki amefungua mdomo na kidole juu, watu wakamzunguka wakitoka, na kila mmoja alipopita alimshika mkono, akamwambia imekuwa shughuli nzuri sana, na lini tena. Mbuzi alikuwa amekula halua.

Maulidi yalipofika, Wifi alichemsha. Alichemsha kama mtu mwenye kisasi. Kuni ziliwaka tangu baada ya alfajiri, masufuria yakachemka, yakapoa, yakafunikwa kwa vitambaa vyeupe, na Bibi akaketi kando na kipepeo mkononi akihakikisha hakuna kitu cheupe chenye harufu kinachotiwa humo. Waligombana juu ya muda wa kuchemsha. Waligombana kama mapovu madogo ni mapovu. Mimi nilitumwa kuni, nikatumwa tena kuni. Wageni walikunywa, wakakunja uso, wakasema maji ya Koyama mwaka huu yana moshi, zamani yalikuwa matamu. Mjomba alikunywa kikombe chake na kusema kwa huzuni kwamba hakuna uhai humo. Pilau liliisha mpaka ukoko ukapiganiwa.

Usiku ule wageni wa Kudhaa na Chovai walilala kwetu, maana maji ya bahari yalikuwa yamekupwa na mashua zimekaa juu ya mchanga.

Asubuhi nilipotoka niliwakuta Bibi na Wifi kibarazani kwetu, bega kwa bega, kila mmoja na kikombe cha kahawa, wanaitazama njia inayokwenda vichakani. Wa Chovai mmoja akatoka, akajinyoosha, macho manne yakamfuata. Akaenda kuipakia mashua. Mwingine akatoka, akaelekea vichakani, Bibi akashika mkono wa Wifi. Yule mtu akachuma mswaki kwenye mti, akarudi akiusaga taratibu, bila haraka yoyote duniani.

Wifi akaanza kucheka, chini chini, mabega yanatikisika.

"Usicheke," Bibi akamwambia bila kuondoa macho njiani. "Wa Kudhaa bado wamelala."